Tupeane uzoefu: antivairasi ya bure au ya kulipia, ipi iliwahi kukuokoa?

Mzaramo Halisi: Wakuu, salaam. Jana nimechomeka flashi steshenari moja Mwenge, kurudi nyumbani folda zote zimegeuka shotikati. Defender iliyokuja na Windows ikamkamata mdudu papo hapo, sijatoa hata mia. Sasa hawa wanaolipia kila mwaka wanalipia nini?

Kapu la Mwani: Shotikati! Chuoni ilikuwa kama mafua.

Fundi Kkoo: Mkuu, kampuni nyingi injini ya kusaka virusi ni ileile, bure au kulipia. Unalipia manjonjo ya juu. Ila Malwarebytes ya bure angalieni: inasafisha ukiiamuru tu. Watu wanadhani wameweka mlinzi getini, kumbe ni mfagiaji anayekuja akiitwa.

Buku Tano: Mimi nanunua ufunguo wa mwaka kwa buku tano, mtaa wa pili tu hapa.

Fundi Kkoo: Ufunguo huo mko wangapi? Ukifungiwa usije kulia hapa.

Mama Kopi: Mmenikumbusha mbali. Nina kibanda cha kuchapa Changanyikeni. Antivairasi nililipia, tena dukani, na risiti ninayo. Msimu wa tasnifu akaja kijana, anataka kurekebisha picha ya jalada, programu anayo kwenye flashi, ya kraki, ile iliyovunjwa kufuli isilipiwe. Antivairasi ikapiga kelele. "Mama, hizo huwa zinalalamika tu, zima kidogo." Nikazima, kwa mkono wangu huu. Bando lilikuwa limeisha tangu asubuhi, nikasema virusi vitapitia wapi? Chai haijapoa, kila faili limeota mkia wa herufi nne, na pembeni kuna faili la _readme linadai dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unalipa 490. Tasnifu za watu kumi na mmoja zimo humo! Binti mmoja alikalia ndoo akalia mpaka wateja wakaondoka. Nilikesha siku nne nachapa upya kutoka nakala zilizokataliwa na wasimamizi, nabahatisha maneno chini ya wino mwekundu.

Zege Halilali: Sasa unailaumu antivairasi ya nini? Si uliizima mwenyewe?

Mama Kopi: Nimeilaumu wapi? Soma kwanza, mdogo wangu.

Kapu la Mwani: 😭 ndoo

Mpiga Debe: Wekeni Kaspersky mlale.

Zege Halilali: Marekani walipiga marufuku isiuzwe kwao 2024.

Mpiga Debe: Wewe unakaa Marekani au Tandale?

Mzaramo Halisi: Na za bure nazo zina yake. Mwaka huohuo Avast ilitozwa dola milioni 16.5 hukohuko, kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo watu walikuwa wanatembelea.

Pengwini: Acheni Windows, hamieni mfumo wa Linux, mambo yaishe.

Buku Tano: Mama Kopi naye aifunze Linux kwenye foleni ya kopi? Acheni hizo.

Fundi Kkoo: Mama, kukosa bando ndiko kulikokuokoa. Hiyo inafanana kabisa na STOP/Djvu, virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa. Ikikosa intaneti inafunga mafaili kwa ufunguo uliomo ndani yake, mmoja kwa wengi. Siku ufunguo huo ukipatikana, programu ya bure ya Emsisoft inayafungua. Diski uliitunza?

Mama Kopi: Niliitunza. Yalifunguka baada ya miezi saba, wenyewe wameshavaa majoho. Ila yule kijana wa kraki, kurasa zake 84 hajalipa mpaka leo.