Wauzaji wa hadubini za kale, acheni kusugua shaba na kubadilisha maboksi!

Wakuu leo nina hasira na sifichi. Hivi nani aliwadanganya hawa wauzaji kwamba hadubini ya shaba ya karne ya 19 lazima ing'ae ndo inunulike?? Ile rangi ya dhahabu iliyokolea mnayoiona uchafu ndo vanishi yenyewe, fundi alipasha shaba moto kidogo akaipaka kwa mkono, sasa wewe unakuja na polishi na mashine unaitoa yote kwa dakika chache halafu unaandika kwenye tangazo "imefanyiwa ukarabati". Ukarabati gani? Umeivua nguo! Shaba ikibaki tupu jasho la vidole tu linaitia weusi, unasugua tena, inafubaa tena, na kila ukisugua yale maandishi ya mtengenezaji yanazidi kufutika. Kuna moja nimeiona juzi, jina la mtengenezaji Ross na neno London unayasoma kwa kupapasa.

Haya tuje kwenye boksi, hapa ndo nachoka kabisa. Boksi la mahogani sio la kubebea tu jamani, lilichongwa kwa ajili ya chombo kile kile, kuna vipande vya mbao ndani vya kushika kitako na mrija, na miaka yote ile kitako kinaacha alama yake kwenye mbao. Sasa mtu anauza boksi peke yake liwe pambo la sebuleni, hadubini anaitumbukiza kwenye boksi la nyingine, inacheza cheza humo ndani mpaka lenzi zinagongana, ukimuuliza anakwambia eti "boksi nalo ni la zamani boss". Ya zamani yote hayo, ila hayajuani!

Na msidhani hatuoni. Za Wajerumani, Carl Zeiss Jena na Leitz Wetzlar, nyingi zina kadi ndani ya mlango wa boksi, imeandikwa ukuzaji wa kila lenzi na namba ya chombo, na namba hiyo hiyo imechongwa kwenye hadubini. Zikipishana basi umeozesha watu wasiofahamiana. Vikopo vya lenzi navyo ni hivyo hivyo, kikopo kimechongwa 1/4 (yaani lenzi ya robo inchi), ukifungua unakuta lenzi ya kampuni nyingine kabisa, imeingia tu kwa sababu skrubu zao zinafanana saizi.

Mkitangaza wekeni picha ya namba, picha ya boksi likiwa wazi na tupu, na kila lenzi ikiwa nje ya kikopo chake. Huna hizo picha usiandike "kamili na boksi lake".

Na wewe uliyenifuata inbox kuniambia najifanya mjuaji, bado hujanijibu ile lenzi ya 1/4 umeiuzia wapi.