Tabaka jeusi futi 62 chini, Busia: ni makaa ya mawe au siyo?

Mchimbaji_Tiira
Wazee wangu, salamu. Sisi ni vijana wanane, tunachimba dhahabu hapa Tiira, wilaya ya Busia, Uganda. Wiki jana shimo letu lilifika futi 62. Juu tulipita udongo mwekundu, halafu maramu, halafu jiwe la kijani lililooza ambalo mtaimbo unaliingia bila shida. Sasa kando ya mshipa wa jiwe jeupe tunaoufuata limetokea tabaka jeusi, upana wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Halikulala. Limesimama wima kama mlango. Ukilishika linateleza, na kiganja kinabaki cheusi cha kung'aa hata ukisugua kwa sabuni.

Kuna mtu amekuja kutuambia ni makaa ya mawe, tumpe shilingi 400,000 atuletee mnunuzi. Wenzangu watano wamekubali, wanataka tuache dhahabu kabisa. Mimi moyo unasita. Hela hiyo ndiyo ya mafuta ya pampu, na pampu ikilala siku mbili shimo linajaa maji. Mnaojua miamba, nisaidieni kabla ya Jumamosi.

Mama_Miamba
Mdogo wangu, msitoe hata shilingi moja. Makaa ya mawe ni misitu iliyozama kwenye vinamasi, ikafunikwa na matope na kugandamizwa. Miamba ya dhahabu ya Busia ina zaidi ya miaka milioni 2,500, na enzi hizo nchi kavu haikuwa na mti hata mmoja. Misitu ya kwanza ilikuja ndani ya miaka milioni 400 iliyopita. Hayo makaa yangetokana na nini?

Kwa maelezo yako, hayo ni matope ya bahari ya kale yaliyokuwa na kaboni ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Yamebanwa, yamepikwa na joto la ardhini, na kaboni imegeuka grafiti, ile ya ndani ya penseli. Ndiyo maana yanateleza. Yamesimama kwa sababu miamba yote hapo ilikunjwa. Na msiliache shimo: mshipa wa dhahabu hupenda kupita kando ya tabaka laini la namna hiyo, kwa kuwa ndipo mwamba unapoachia kwa urahisi.

Mwalimu_Bugiri
Dada, samahani. Si kuna mabaki ya miamba ya Karoo, ile ya enzi za baadaye zilizokuwa na misitu, huku Bugiri, na Entebbe, na kisiwa cha Dagusi? Hiyo ndiyo miamba yenye makaa kule Ngaka na Kiwira, Tanzania.

Mama_Miamba
Ni kweli, mwalimu, yapo. Lakini ni vipande vidogo vya mawe ya matope vilivyokaa juu ya miamba ya kale. Hayawezi kusimama wima yakiwa yameshikana na mshipa wa kwatsi, yaani hilo jiwe lenu jeupe, futi 62 chini.

Mzee_wa_Kilembe
Kijana, pima mwenyewe. Ponda jiwe jeusi ujaze kopo, ponda jeupe ujaze kopo hilo hilo, upime yote mawili. Makaa yangekuwa na uzito wa karibu nusu ya jeupe. Kisha weka kipande kwenye sigiri, nje, usivute moshi wake. Makaa yatashika moto na kubaki majivu.

Ukiona chembe za njano ndani yake, zigonge. Dhahabu inabonyea, pairiti, madini ya njano yanayofanana nayo, inavunjika. Hiyo pairiti ikipata maji na hewa inatoa asidi, kwa hiyo kifusi cheusi kisitupwe karibu na kijito. Halafu msisage jeusi pamoja na jeupe. Grafiti inaipaka dhahabu, zebaki inashindwa kuishika. Na kwenye matangi ya sayanidi, ile kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kaboni inainyonya dhahabu iliyokwisha kuyeyuka. Wengi wamepoteza hivyo, wakadhani jiwe lao halina kitu.

Mchimbaji_Tiira
Mzee, asante sana, na dada pia. Tumepima jioni hii kwa mzani wa duka la sukari, wote wanane tukiangalia. Makopo yamekaribiana, jeusi limepungua kidogo tu. Kipande kimekaa kwenye sigiri tangu maharage yanabandikwa hadi yameiva. Kimetoka kizima, cheusi vile vile, na harufu kidogo ya kiberiti.

Hela imekwenda kwenye dizeli. Kuanzia kesho jeusi linapanda kwa ndoo yake na jeupe kwa yake.