Tupeane uzoefu: kuuona Mji Mkongwe wa Zanzibar kutoka kwenye boti

Mdau wa Pwani
Wakuu habari za jioni. Leo nimekutana na picha ya zamani ya lile jumba la Beit el Ajaib iliyopigwa kutoka baharini, mnara wa saa umesimama na roshani zote zipo, kabla ule upande haujaporomoka 25 Desemba 2020, nikabaki naitazama muda mrefu sana. Nilishawahi kupanda mashua ya tanga jioni pale Forodhani, mnatoka taratibu mnaanza kuuona mji mzima umejipanga mbele yenu, Shangani, halafu Ngome Kongwe, Beit el Ajaib, kasri la mfalme, ile Dispensari ya zamani ya Tharia Topan yenye mbao za kuchonga, mpaka bandarini Malindi, na nyuma yake minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ukipita vichochoroni huwezi kuuona hivyo hata siku moja. Mji ule ulijengwa uonwe na mtu anayekuja na chombo. Waliowahi kuzunguka na boti pale, iwe mjini tu, visiwa vya Changuu na Chapwani, kwenye mafungu ya mchanga, tupeane uzoefu, mazuri na mabaya.

Binti Msambaa
Umesema kweli mkuu. Mimi machozi yalinitoka kabisa.

kijana_wa_Malindi
Sisi tuliozaliwa hapa tulikuwa tukiogelea ukutani Forodhani, maji yakijaa jioni unaruka na kupinduka, wageni wanapiga picha. Lakini kukodi mashua ukautazama mji kwa raha zako wengi wetu hatujawahi, tunaona mambo ya wageni. Mie nilipanda ukubwani, nikauona mtaa wetu kutoka bahari, nikajiuliza siku zote nilikuwa wapi.

MamaJunior_Moro
Mimi nilimpeleka mama mzazi Changuu, mama hajawahi kupanda chombo chochote cha baharini zaidi ya ferry ya Kigamboni. Kwenda kulikuwa shwari kama nusu saa hivi, tukawaona wale kobe wakubwa, mama akamlisha mmoja mchicha akawa anaongea nae kama mjukuu wake. Tukaambiwa kobe wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Shida ilikuja kurudi, upepo umenyanyuka, kiboti kidogo cha faiba kinapiga mawimbi pwaa pwaa, maji yanaingia, mama kashika tasbihi hasemi neno. Yule nahodha kijana mdogo tu lakini alikuwa na akili ya bahari, akapunguza mashine, akawa anayapokea mawimbi kwa pembeni kidogo badala ya kuyapiga kifuani, njia ikawa ndefu ila tukafika tumelowa tu. Mungu ambariki popote alipo.

Komredi_Tz
Changuu pale ndo walikuwa wanafungwa wafungwa wa Mwingereza, inasikitisha sana ukiyaona yale majengo.

Ustadhi_Historia
Komredi hapana. Jengo la gereza lilijengwa kweli na Lloyd Mathews, yule Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, kwenye 1893, 1894 hivi, lakini halikutumika kama gereza, likageuzwa karantini ya wasafiri wa meli maana waliogopa magonjwa, homa ya manjano hasa. Waliofungiwa pale ni watumwa, na hiyo ilikuwa kabla ya Mathews, wenye kisiwa waliwapeleka wale walioonekana wasumbufu.

Komredi_Tz
Sasa sheikh si umesema mwenyewe kulikuwa na watu waliofungiwa? Mwongozaji wetu alitueleza vilevile.

Ustadhi_Historia
Mwongozaji kachanganya vitu viwili. Watumwa walikuwa watu wenye majina na mama zao, ukiwaita wafungwa wa Mwingereza unawafuta kabisa, na aliyewafungia unamfuta pia. Mimi hilo siwezi kulinyamazia.

Dereva wa Bajaji
Na sisi tuliambiwa chini ya boti kuna meli ya Sultani imezama, kila mtu akainama kuchungulia.

Ustadhi_Historia
Hiyo ni Glasgow, ilizamishwa 27 Agosti 1896, vile vita vya dakika 38. Waingereza walilipiga kasri kutoka palepale baharini mnapopita na mashua, Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Upande wa Zanzibar waliouawa na kujeruhiwa ni kama watu 500. Milingoti ya Glasgow ilibaki inachomoza juu ya maji miaka mingi, mpaka 1912 ndo meli ikavunjwavunjwa. Kwa hiyo ukichungulia huoni meli. Lakini ukiwa palepale geuka utazame kasri ujue mizinga ilikuwa karibu kiasi gani, utaelewa kwa nini zilitosha dakika 38.

Mhasibu wa Kikoba
Jamani niandike na mimi, sikupanga kuandika ila hii mada imenigusa pabaya. Sisi ni kikoba cha akina mama, tulichanga mwaka mzima tukaenda Zanzibar, na siku ya boti ratiba ilikuwa mji kwanza, halafu fungu la Nakupenda kula samaki, halafu Changuu. Asubuhi tulipita mbele ya mji vizuri kabisa, tunaimba. Tukafika Nakupenda kwenye saa nne na nusu, fungu limejitandaza jeupe refu, boti zimejaa, miavuli, pweza wanachomwa, raha ambayo siwezi kuielezea. Mwenye safari alisema saa saba tunaondoka. Saa saba imefika chakula cha kundi letu hakijaiva, wakasema subirini kidogo. Saa nane boti yetu ikachukua nusu ya watu kuwapeleka Changuu kwanza, ikasema inarudi kutuchukua sisi wengine, wamama tisa na watoto watatu.

Ile boti haikurudi. Tulikuja kuambiwa baadae mashine ilizima na ilikuwa moja tu. Sisi pale tunaona boti nyingine zinaondoka moja moja, tunapunga mikono wanadhani tunawaaga. Miavuli imeondolewa, waliokuwa wanachoma wameondoka, na lile fungu linapungua jamani, unatazama pale ulipokuwa umekaa unaona maji. Mwanzoni tukasema litabaki tu. Maji yakafika vifundoni mahali pa juu kabisa. Simu mbili zina chaji, tunapiga namba ya mwenye safari haipatikani. Mama mmoja mwenye kisukari akaanza kutetemeka, mwingine anaimba tenzi kwa sauti, mwingine anasoma Ayatul Kursi, watoto tumewaweka mabegani. Maji yakafika magotini na yanavuta, yaani mchanga unatoka chini ya nyayo zako unahisi kabisa. Mwenyekiti wetu ndo alituokoa akili zetu, alisema tushikane mikono tufanye duara, watoto katikati juu ya wenye nguvu, hakuna kutembea kutafuta pa juu kwa sababu pa juu ndo hapa. Lile boksi la barafu tukampa mama mwenye kisukari alikumbatie.

Akatokea mzee mmoja na ngalawa, anatoka upande wa kisiwa cha Bawe kuvua, na tanga limechanika. Hatukumwita, aliona mwenyewe watu wamesimama baharini. Hakutusogelea haraka, alitusoma kwanza, akashusha tanga, akaja kwa mkondo wa juu akasema kwa utulivu kabisa, watoto kwanza, asirukie mtu, akinipindua tumekwisha sote. Akachukua watoto watatu na yule mama mgonjwa, ngalawa ikabaki karibu sawa na maji, akapiga simu kwa mtu wake Changuu. Boti ya faiba ikaja kutuchukua maji yakiwa kiunoni kwangu na mimi ni mrefu. Tulivyopita tena mbele ya mji jioni taa zinaanza kuwaka, hakuna aliyetazama. Wamama wanane mikono bado tumeshikana ndani ya boti, tumeshindwa kuachiana.

Binti Msambaa
Yesu wangu.

Kaka Mkuu
Dada polee sana. Nimesoma nimesimama.

Mzee wa Hoja
Samahani lakini hapa kuna chumvi. Nakupenda nimefika zaidi ya mara moja, maji hayafiki kiunoni, ni fungu kubwa lile.

Mhasibu wa Kikoba
Kaka, uliondoka saa ngapi hizo mara zako?

Mzee wa Hoja
Saa sita, saa saba.

Baharia Mstaafu
Basi mzee wa hoja huna hoja. Mimi nimeendesha mashua maji yale tangu sijaota ndevu. Hapa Unguja bamvua likikolea, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji hupwa kama saa nne asubuhi, yakajaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa inafika mita nne. Mita nne ndugu yangu. Fungu linaloonekana refu saa nne asubuhi, saa kumi boti zinapita juu yake. Dada hajatia chumvi hata punje. Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja, mwanzo yanajivuta, saa ya tatu na ya nne yanakuja kwa kasi, ndo maana walidhani litabaki. Kumpeleka mtu fungu la mchanga siku ya bamvua, na mashine moja, halafu ukaigawa safari mara mbili, mimi nasema huyo asipewe chombo tena.

Mzee wa Hoja
Sawa nahodha nimekuelewa. Dada naomba radhi.

Mhasibu wa Kikoba
Yameisha kaka.

Dereva wa Bajaji
Kwa hiyo tusiende mafunguni kabisa?

kijana_wa_Malindi
Nendeni! Ila muulizeni nahodha mwenyewe, sio papasi anaewakamata njiani. Papasi hajui maji, anajua kamisheni yake tu. Sema nataka kumuona nahodha na chombo kabla sijatoa hela. Laifu jaketi uivae usiikalie.

Mpemba_Halisi
Na chombo kiwe na mashine mbili, au mashine na tanga. Mie mashua ya tanga naiamini zaidi, mashine ikizima upepo upo.

Kaka Mkuu
Na upepo ukizima?

Mpemba_Halisi
Unapiga kasia, yakhe.

Salha_Muscat
Mimi niko Muscat, babu yangu alizaliwa Malindi ya Unguja. Nilivyokuja mara ya kwanza nilipanda mashua makusudi kwa sababu babu alikuwa akituhadithia mji kutoka baharini, anautaja mlango kwa mlango. Nahodha alinionyesha kila jumba na mimi nikawa namtajia la mbele yake kabla hajasema. Alisimamisha chombo akaniuliza, wewe mtoto wa nani?

Mdau wa Pwani
Salha umenimaliza. Hii ndo nilikuwa naitafuta.

MamaJunior_Moro
Jamani kuhusu kichefuchefu, kuleni chakula chepesi kabla, mihogo au mkate mkavu na chai ya tangawizi.

Binti Msambaa
Usile kitu mpaka urudi, mimi nilikula urojo Forodhani nikapanda boti, yaliyonikuta nisiseme.

Baharia Mstaafu
Kula kidogo, kaa nyuma karibu na shetri, usikae omo kule mbele, tazama mji au upeo wa bahari, usitazame simu.

Lamu_Damu
Kwetu Lamu pia ni hivyo hivyo, ukienda magofu ya Takwa unaingia kwa mkono wa maji katikati ya mikoko, maji yakitoka ukiwa huko ndani mwalala topeni na mbu hadi yarudi. Manahodha wa kwetu hawakupeleki kabla hawajajua maji. Lakini kwa kuona mji na bahari, kusema ukweli Lamu mwaishinda wapi nyinyi wa Zanzibar.

kijana_wa_Malindi
Lamu pazuri lakini hamna Beit el Ajaib.

Lamu_Damu
Hata nyinyi sasa mna nusu yake.

kijana_wa_Malindi
Hilo usilifanyie mchezo. Watu wawili walikufa siku ile.

Lamu_Damu
Nisamehe ndugu yangu, sikukusudia hilo. Mungu awarehemu.

Ustadhi_Historia
Jumba lile lilijengwa 1883 na Sultani Barghash, la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na lifti. Lilipigwa mabomu 1896 likabaki limesimama. Likaja kuanguka sisi tukiwa hai. Ndo maana nasema watu waende wauone mji huu, mwenye picha aihifadhi, na wanaohusika wasichelewe kwenye mengine yaliyobaki.

Komredi_Tz
Na Chapwani je, kuna aliyefika makaburini?

Ustadhi_Historia
Nimefika. Wamezikwa mabaharia wa HMS Pegasus, meli ya Kiingereza iliyokuwa imesimama hapa Zanzibar inatengenezwa, ikapigwa na Königsberg ya Wajerumani 20 Septemba 1914, ileile iliyokwenda kujificha mdomo wa Rufiji. Makaburi yako karibu na maji, na wengi walikuwa vijana sana.

Kaka Mkuu
Dada wa kikoba, yule mama mwenye kisukari aliendeleaje? Na mzee wa ngalawa mlimpata tena?

Mhasibu wa Kikoba
Mama alipelekwa hospitali usiku uleule, akaruhusiwa, yupo na anachangia kikoba kama kawaida. Mzee tulimfuata kesho yake, alikuwa anashona tanga. Tulimpelekea turubali jipya na kamba, alipokea, akatuuliza mbona watoto hamkuja nao.

Dereva wa Bajaji
Nahodha, mimi na mke wangu tunataka kwenda mwezi ujao. Twende lini maana mimi kalenda ya maji siijui.

Baharia Mstaafu
Tazama mwezi. Ukiwa nusu, siku ile au inayofuata, ndo maji mafu, hayapandi sana hayashuki sana, nenda na mkeo kwa amani. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, toka asubuhi, mchana upepo unanyanyuka. Jioni mzunguke mbele ya mji tu kwa tanga, mafunguni iwe asubuhi. Ukifika Forodhani uliza manahodha wa Malindi, waambie unataka mtu mzima.