Kwa nini chakula cha Siku ya Shukrani kinachekesha katika Brooklyn Nine-Nine?

Mtazamaji wa Usiku aliuliza:

Habari zenu, ndugu. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita, nilipoangalia upya sehemu ya 10 ya msimu wa kwanza wa Brooklyn Nine-Nine, tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani kuhusu wapelelezi wa polisi, ile iliyorushwa na kituo cha Fox tarehe 26 Novemba 2013, siku mbili kabla ya Wamarekani kusherehekea Siku ya Shukrani. Kwa ambaye hajaiona, mpelelezi Amy Santiago anawaalika wenzake wa kituo cha polisi waje kula nyumbani kwake, ingawa shabaha yake ni mtu mmoja tu, Kapteni Raymond Holt, mkuu wa kituo, ambaye Amy anatamani awe mlezi wake kikazi. Chakula alichopika hakiliki. Mpelelezi mwenzake, Jake Peralta, ambaye haipendi sikukuu hiyo hata kidogo, anapata upenyo wa kuchomoka baada ya fedha kupotea kituoni, na Kapteni naye anafuatana naye kwenda kuzitafuta. Basi mgeni mwenyewe aliyekusudiwa ameondoka, waliobaki wana njaa, na mwenyeji amebaki na hotuba aliyoiandaa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Mimi nilicheka sana. Lakini nilikuwa nimekaa na mama yangu, nikimtafsiria, naye hakucheka hata mara moja. Badala yake alimhurumia Amy: "Mtoto wa watu amehangaika jikoni kutwa nzima, halafu ndiyo mnamcheka?" Nilijaribu kumweleza nikashindwa, na hapo nikagundua kwamba mimi mwenyewe sijui ninacheka nini. Sisi tumelelewa kwamba ukikaribishwa chakula, hata kama chumvi imezidi, unakula matonge mawili matatu, unashukuru, na maneno mengine unayaacha mpaka mfike njiani. Je, kichekesho cha sehemu hii kinatokana na nini hasa? Ni ubovu wa chakula, ni sikukuu yenyewe ambayo kwetu haipo, au kuna jambo jingine ambalo sijaliona?

Kalamu Kavu alijibu:

Ndugu Mtazamaji, nianze na sikukuu na niipite haraka, kwa sababu si kiini cha jambo. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kwa taifa zima mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka rasmi katika Alhamisi ya nne ya Novemba. Linalotuhusu hapa ni kwamba siku hiyo haina zawadi wala nguo maalumu. Sikukuu karibu yote ni meza, na juu ya meza kuna bata mzinga wa kuoka, viazi vya kuponda na pai ya boga. Chakula kikiharibika, hakuna kingine cha kuiokoa siku. Waandishi wa vichekesho vya televisheni vya Marekani waliligundua hilo zamani. Mwaka 1978 tamthilia ya WKRP in Cincinnati ilitoa kisa cha kituo cha redio kilichodondosha bata mzinga wazima kutoka kwenye helikopta kama tangazo la sikukuu, na kisa hicho bado kinatajwa hadi leo.

Sasa tuje kwa Amy. Naona jibu la swali lako halimo ndani ya sufuria. Limo katika vyeo. Kituoni kila mtu anakijua kiti chake: Holt anaamuru, Sajini Terry Jeffords anasimamia, Amy anapokea maagizo na kuyatimiza kabla hayajakamilika kutamkwa. Nyumbani mambo yanapinduka, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye mkubwa wa siku hiyo, na mkuu wake wa kazi amekuwa mgeni anayesubiri kuambiwa akae wapi. Mtu mwingine angefurahia kuwa mkubwa kwa saa tatu. Amy hawezi. Anaendesha karamu kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani wa kupandishwa cheo, na kila sahani kwake ni swali lenye alama. Tunachokicheka ni bidii kubwa mno iliyopelekwa mahali pasipoitaka, na ndiyo maana mama yako naye yuko sahihi kumhurumia, kwa sababu bila huruma hiyo Amy angekuwa mtu wa kuudhi tu. Nadhani kila mmoja wetu amewahi kumwona kijana aliyemkaribisha bosi wake nyumbani, akawa anasimama kila bosi anaposimama, hata pale bosi alipokuwa akitafuta tu mahali pa kunawia mikono.

Jikoni Daima alijibu:

Nakubaliana na Kalamu Kavu kwa sehemu kubwa, ila naona amelisahau tumbo, na katika kisa hiki tumbo ni mhusika kamili. Mchezo wowote wa kipelelezi huhitaji kitu kinachohesabu muda. Kwenye tamthilia nzito kitu hicho huwa ni bomu au mateka, lakini hapa ni njaa ya Terry. Anayemwigiza, Terry Crews, aliwahi kucheza mpira wa Kimarekani katika ligi kuu ya nchi hiyo, na mwili wake ni wa mtu ambaye ukimchelewesha kula unamwona anabadilika mbele ya macho yako. Kadiri chakula kinavyoshindikana ndivyo saa hiyo inavyozidi kusikika, kwa hiyo hata mazungumzo ya kawaida ya mezani yanabeba hofu ndogo ya jambo litakalotokea. Tena mwandishi amefanya ujanja mwingine: kazi ya kuokoa karamu ameikabidhi kwa Charles Boyle, mtu pekee kituoni ambaye kwake chakula ni kama ibada. Mpishi mbovu amekutana na mlaji makini kupita wote, na wote wawili ni watu wema, kwa hiyo hakuna wa kumchukia.

Jambo la pili linamhusu mama yako moja kwa moja. Vichekesho vingi vya zamani vya Marekani vilirekodiwa mbele ya watazamaji, au viliwekewa sauti ya kicheko baadaye, kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza alijua wapi pa kucheka. Brooklyn Nine-Nine haina kicheko hicho, kwani ilipigwa kwa mtindo wa filamu, na mzaha unapita kimya kimya kama mtu aliyechelewa kuingia msikitini. Ukiongeza tafsiri yako juu yake, mama anaupata mzaha wakati uso wa mwigizaji umeshaondoka kwenye kioo.

Hasara hiyo huwa kubwa zaidi kwa Holt. Andre Braugher, aliyefariki Desemba 2023, alijulikana kwanza kwa kuigiza mpelelezi Frank Pembleton katika Homicide: Life on the Street, tamthilia nzito iliyompatia Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka 1998, na alipokuja kwenye vichekesho hakuubadilisha uso wala sauti. Anatamka neno "viazi" kwa uzito uleule ambao angelitamka neno "marehemu". Sasa wewe ukiitafsiri sentensi hiyo, kinachobaki ni mzee anayezungumzia viazi. Ushauri wangu ni huu: Holt akiongea, nyamaza, mwache mama amtazame mdomo na nyusi, halafu umweleze baadaye kama bado atataka kuelezwa.

Shangazi wa Mjini alijibu:

Mwanangu Mtazamaji, mimi ningesema umeanza na sehemu isiyofaa kwa mtazamaji wa rika letu. Mwonyeshe mama "Two Turkeys", sehemu ya 7 ya msimu wa tano, iliyotoka Novemba 2017. Hapo Jake na Amy wameshakuwa wachumba, nao wanawakutanisha wazazi wa pande mbili kwa chakula cha Siku ya Shukrani. Upande mmoja yupo Victor Santiago, askari polisi mstaafu anayetaka kila kitu kifanyike kwa utaratibu wake, na upande wa pili yupo Roger Peralta, rubani ambaye aliiacha familia yake Jake alipokuwa mdogo na sasa anaingia kwa tabasamu kana kwamba alitoka tu kwenda dukani. Bata mzinga ni wawili, kama jina lenyewe linavyosema, na kina baba hawa wanakwaruzana juu yao mpaka kidole gumba cha Roger kinakatwa. Kila mtu mwenye watoto waliooa au kuolewa anaifahamu meza hiyo, hata kama kwake palikuwa na pilau. Ubishi unaonekana wa nyama, lakini kinachogombewa ni nani mkubwa katika nyumba mpya inayojengwa na watoto.

Nyongeza kidogo kwa wapenda historia ya fani hii: Victor anaigizwa na Jimmy Smits, ambaye miaka ya 1990 alikuwa mpelelezi katika NYPD Blue. Kwa hiyo yeye na Braugher wote wawili ni watu waliotoka kwenye tamthilia nzito za polisi, na mtazamaji wa Kimarekani anapowaona wakihangaika na ndege wa kuoka na pai anacheka pia kwa kuwakumbuka walivyokuwa.

Kuhusu pai, humo humo kuna kisa cha pili ambacho kinathibitisha alichosema Kalamu Kavu, ila kwa kukigeuza. Pai ambayo Holt anaithamini sana inapotea, naye anaifungulia upelelezi kamili dhidi ya askari wake, kwa mahojiano na shutuma, kana kwamba amepotea mtu. Amy aliipeleka kazi mezani. Holt ameileta meza kazini. Na mwisho wa upelelezi mkosaji si askari hata mmoja, bali ni Kevin, mume wa Holt, ambaye haipendi pai hiyo. Mimi nakipenda kisa hiki kuliko cha kidole, kwa sababu kimejengwa kama kesi ya kweli: kuna washukiwa, kuna ushahidi, na ufumbuzi ulikuwa wazi tangu mwanzo kwa yeyote aliyejiuliza ni nani angelazimika kuila.

Kalamu Kavu aliongeza:

Shangazi amenisahihisha vizuri, na nashukuru. Niongeze tu kwamba njia hiyo ya kuleta chakula ndani ya kituo cha polisi haikuanza na hawa. Barney Miller, iliyorushwa na ABC kuanzia mwaka 1975 hadi 1982 na ambayo karibu yote inatokea ndani ya chumba kimoja cha wapelelezi, ilikuwa na kisa cha askari waliokula keki bila kujua kwamba zilitiwa hashishi. Huko hapakuwa na sikukuu wala mwenyeji, lakini utaona msingi ni uleule: watu ambao kazi yao ni kuwadhibiti wengine wanashindwa na kitu kilichokaa kwenye sahani.

Mtazamaji wa Usiku alijibu:

Ahsanteni sana, nyote mmenifaa. Jana usiku nilimwekea mama "Two Turkeys" na nikajitahidi kufuata ushauri wa Jikoni Daima. Kidole kilipokatwa hakucheka, alishika mdomo na kusema "Yallah!" Lakini kabla ya hapo, kina baba wawili walipokuwa wakitupiana maneno ya adabu yenye miiba ndani yake, alianza kutikisika mabega, na hatimaye akaniuliza, machozi yakimtoka: "Hivi hawa watu mshenga wao yuko wapi?" Nikamwambia hawana mshenga. Akasema, "Basi ndiyo maana."

Kwenye kisa cha pai sikutafsiri neno hata moja. Alimtazama Holt akihoji, akamtazama tena, akaniambia huyo mzee anamkumbusha mwalimu mkuu wake wa shule ya msingi siku ilipopotea chaki. Leo ameomba tuirudie ile ya Amy tangu mwanzo, kwa masharti mawili: nisimwambie lolote Kapteni anapoongea, na nimhakikishie kwamba huyo Terry atakuja kula.

Nimemhakikishia.