Mtwara na Lindi: acheni kukwangua vioo vya magari ya watu kwa kisu na msasa!

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa malalamiko na nitasema wazi. Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mpaka Masasi, vioo vya mbele vinaharibiwa na watu wanaolipwa kutoa stika. Simama mbele ya Noah au Hiace jua likiwa limeinama, saa kumi na moja jioni hivi, uangalie kona ya chini upande wa abiria. Utakuta kiraka cha ukubwa wa kiganja, cheupe cheupe, kimejaa michirizi inayokatana, na pembezoni mwake mstari mweusi wa gundi iliyoshika vumbi. Stika imetoka, kioo kimeharibika. Mwenye gari anaambiwa "hiyo gundi tu bosi, itaisha yenyewe."

Haiishi. Pitisha ukucha juu ya mchirizi. Ukucha ukikwama, huo mchirizi umeingia kwenye kioo na hakuna sabuni wala dawa ya meno itakayoutoa. Usiku, lori la korosho linapokuja na taa kamili kwenye barabara ya Masasi, ile michirizi inatawanya mwanga na dereva haoni mbele. Kioo kipya mara nyingi kinaagizwa Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na hapo bado hujamlipa fundi wa kukibandika. Yote hayo kwa sababu mtu hakutaka kusubiri nusu saa.

Msasa una chembe ngumu kuliko kioo, kwa hiyo unapousugua unachonga kioo, hata ule laini kabisa. Na hata mwenye wembe mzuri anaharibu kama hajaosha kwanza, maana mchanga wetu huu wa pwani nao ni mgumu kuliko kioo. Chembe moja ikinaswa chini ya wembe inachora mstari mrefu, halafu fundi anamlaumu mwenye gari kwamba kioo ni feki. Osheni kioo kwanza! Maji mengi, sabuni, kitambaa safi. Lile tambara lililotoka kufuta rimu lisiguse kioo.

Halafu jueni mnatoa stika gani. Zile za karatasi, kama road licence (stika ya ada ya gari ya kila mwaka) ambazo ada yake ilifutwa tangu 2017 na bado zimejaa viooni, zinakubali maji. Chukua nusu lita ya maji na kijiko cha chai cha sabuni ya maji, lowesha gazeti, libandike juu ya stika kwa upande wa ndani ya gari, funika na nailoni, acha nusu saa. Kama juu yake kuna ngozi ya plastiki, ichane kidogo kwanza ili maji yapenye. Karatasi ikishalainika inatoka kwa kadi ya simcard tu.

Stika za vinili ni habari nyingine, na hapo ndipo wengi mnapochemka. Vinili ni plastiki, maji hayapiti. Kinacholainisha gundi yake ni joto. Ikiwa mpya inavutika kwa sababu imechanganywa na kilainishi. Jua la miaka kadhaa linakimaliza kile kilainishi, vinili inakauka, na ukiivuta ikiwa ya baridi inabanduka vipande vipande kama ngozi ya korosho iliyokaangwa. Gundi yote inabaki chini. Ndiyo maana mtu anakimbilia kisu.

Egesha gari kioo kikitazama jua mpaka kiwe na moto ambao kiganja bado kinavumilia. Kama hakuna jua, tumia draya ya saluni, umbali wa sentimita 15 hivi, dakika moja mpaka mbili, na mkono usitulie sehemu moja. Ukiweza, pasha kwa upande wa pili wa kioo, joto linaifikia gundi moja kwa moja. Inua kona kwa ukucha au kadi ya plastiki, kisha ikunje stika irudi juu ya mgongo wake na uivute ikiwa karibu kulala kwenye kioo. Polepole, kama sentimita moja kwa sekunde. Ukivuta kwa pupa au ukiivutia juu, vinili inakuja peke yake na gundi inabaki. Ikianza kugoma, simama, pasha tena.

Na maji ya moto ya birika msimwage kamwe! Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, na hakijapikwa kuwa kigumu kama vile vya milangoni. Kikiwa na kijitundu cha kokoto, joto la ghafla linakifanya kipasuke kutoka pale pale. Maji ya baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua ni vile vile.

Vipande vilivyogoma ndipo wembe unaingia, kwa nje na ndani ya kioo cha mbele. Wembe MPYA, kwenye kishikio chake, umelazwa nyuzi 30 hivi, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni muda wote. Sukuma kwenda mbele, inua, rudi uanze tena. Usikokote kurudi nyuma, kwa sababu uchafu unajibana chini ya wembe na unachora. Ukiona wembe unatoa sauti ya kukwaruza au una kutu, tupa. Hewa ya chumvi ya huku inaushika haraka ukiuacha na maji. Bei ya wembe na bei ya kioo nani hajui tofauti yake?

Gundi iliyobaki: mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, yaache juu yake dakika tano mpaka kumi, sugua, rudia. Mafuta ya alizeti nayo yanafanya kazi, ila taratibu zaidi. Ukimaliza osha na sabuni, kisha pitisha spiriti, maana utando wa mafuta ukibaki, mvua ya kwanza waipa zinasambaza ukungu kioo kizima. Inua waipa kabla hujaanza, mafuta ya taa yanaharibu raba.

Sasa hili la petroli. Kuna watu wanapaka petroli ndani ya gari, vioo vimefungwa, halafu wanawasha draya. Huo ni moto unaosubiri cheche, na gari lina mtu ndani! Thina nayo inayeyusha dashibodi, inaharibu tinti, na ikipenya kwenye ukingo wa kioo cha mbele inaushambulia ule utando wa katikati, pembezoni panakuwa peupe kama maziwa. Hapo hakuna ufundi tena, ni kubadilisha kioo.

Kioo cha nyuma ndicho kinachonikasirisha zaidi, kwa sababu uharibifu wake hauonekani siku hiyo. Ile mistari myembamba ya rangi ya udongo kwa ndani ni ya kupasha kioo, na kwenye baadhi ya magari mingine ni antena ya redio. Imepakwa juu ya kioo, haimo ndani yake. Wembe ukipita mara moja, mstari umekatika na haupashi tena. Hapo ni joto, kadi ya plastiki na mafuta tu, ukifuata mistari inavyolala. Wembe hapana. Vivyo hivyo yale madoa meusi ya ukingoni mwa kioo cha mbele kwa ndani, ni rangi, msiyakwangue mkidhani ni gundi.

Wenye magari, kabla hujatoa ufunguo muulize fundi atatumia nini. Akikutajia msasa au kisu, ondoka. Na kioo kikishasafishwa, kagua pale pale kabla hujalipa, ukiwa umesimama upande ambao jua linakimulika.

NYONGEZA: Kwa walioniuliza kuhusu bodaboda na zile plastiki za pembeni za bajaji: wembe, petroli, thina na draya ya moto mkali vyote marufuku. Plastiki inachorika haraka kuliko kioo, na petroli inaitia nyufa ndogo ndogo. Paka mafuta ya kula, acha saa nzima, vuta kwa kidole, malizia na sabuni na kitambaa laini. Taa za mbele za magari ya kisasa nazo ni plastiki, kwa hiyo ni utaratibu huo huo.