Ushauri: Taasisi ya serikali ijenge mfumo wake au inunue? Niko Arusha, nimekwama

Kijana wa Njiro (mleta uzi)
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni afisa TEHAMA kwenye taasisi moja ya umma hapa Arusha, jina nalihifadhi. Tangu Machi nimepewa ubunifu wa mifumo, yaani mimi ndiye nachora namna mifumo yetu itakavyosomana na ya wenzetu. Kuna mfumo wa kusajili wateja na kutoa vibali. Swali langu ni dogo tu: kipi bora, kujenga wenyewe au kununua kwa mzabuni? Usingizi sina. Msitukane tafadhali.

Chizi wa Kilombero
Nunua. Ukijenga mwenyewe utakula nini?

Mzee wa Boma
Swali dogo halimnyimi mtu usingizi, kijana. Tuanze na ambalo hukuuliza: mfumo kama huo hauko tayari kwa jirani? Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, mradi wa TEHAMA wa taasisi unapita eGA, yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwanza, maana tulikuwa na mifumo pacha kila kona. Malipo usijenge, GePG ipo, mfumo wa serikali wa kupokea malipo, mteja anapewa namba ya malipo anakwenda benki au kwenye simu yake. Kusomana na NIDA wa vitambulisho vya taifa na wengine usivute waya wako pembeni, pita GovESB, njia ya pamoja ya mifumo ya serikali kubadilishana taarifa. Ukishaondoa hayo, cha kujenga kinabaki kiduchu. Halafu kabla hujachora hata mstari mmoja, kaa dirishani na karani siku mbili, umwangalie mikono.

Mama Ndizi
Hapo kwenye karani umenena, Mzee. Mimi si mtu wa kompyuta ila nimekaa dirishani Moshi miaka 11. Tuliletewa mfumo unaouliza namba ya simu ya mteja mara tatu, kwenye kurasa tatu tofauti. Ukikosea ya tatu, unarudi mwanzo. Foleni ikatoka nje hadi kwenye mwarobaini. Tukaamua tunaandika kwenye kaunta buku, jioni mmoja wetu anabaki kuingiza yote. Ripoti zilikuwa safi kweli, bosi akapongezwa! Siku kaunta buku ilipopotea, barua ya kujieleza nikaandikiwa mimi. Wakati huo nina mimba ya kitinda mimba wangu, miguu imevimba, na mume yuko safari...

Mzee wa Boma
Pole sana Mama. Mleta uzi, zabuni imeshaingia NeST, kwenye mfumo wa manunuzi ya umma, au bado?

Kijana wa Njiro
Mkuu, tuseme mfumo umeshanunuliwa.

Mzee wa Boma
Tuseme, au umenunuliwa?

Kijana wa Njiro
Umenunuliwa. Hati ya mapokezi nimesaini tarehe 28 Juni. Tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa, hela ingerudi Hazina, ungekuwa wewe ungefanyaje? Na mfumo unafanya kazi vizuri tu, isipokuwa paswedi ya seva anayo mzabuni, msimbo wa programu hajakabidhi, na seva yenyewe iko nje ya nchi. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Ndiyo maana nauliza, nikisema tunajenga wetu upya, itaonekana vibaya?

Chizi wa Kilombero
Mzabuni ni nani yako?

Kijana wa Njiro
Shemeji. Lakini alishinda kwa haki, bei yake ilikuwa ya chini kuliko wote.

Chizi wa Kilombero
😂😂 Nimekaa paleee.

Mlokole Sakina
Ndugu, tubu kwanza. Mengine yatafuata.

Mzee wa Boma
Atubu, sawa, ila kesho asubuhi aandike barua. Mweleze bosi kwa maandishi kwamba mzabuni ni shemeji yako na kwamba ulisaini kabla ya makabidhiano kukamilika. Mkaguzi akilikuta ndani ya faili ni nafuu kuliko akilichimbua mwenyewe. Dai paswedi, msimbo na nakala ya data. Hiyo nakala usiiamini kwa kuiona: ifungue kwenye mashine nyingine, mfumo uwake bila mkono wa shemeji. Na hizo taarifa za wananchi kukaa nje ya nchi, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina masharti yake. Kujenga upya sasa hivi ni kufukia shimo kwa kuchimba lingine.

Kijana wa Njiro
Barua hapana mkuu. Hujui nyumbani kwangu kukoje.

Tetere
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Mwaka jana akaunti hiihii ilikuwa daktari wa mifugo Bomang'ombe, inauza vifaranga. Leo ni mbunifu wa mifumo. Kesho rubani.

Kijana wa Njiro
Ile akaunti tulikuwa tunatumia na kaka yangu.

Chizi wa Kilombero
Kaka au shemeji?

Mama Ndizi
Hebu subirini. Bomang'ombe, vifaranga vya mayai, unavileta stendi kwenye boksi la sabuni? Kumbe ni wewe! Nilichukua 50, majogoo yametoka 38. Na karatasi yako ninayo hapa, umesaini kwamba vyote ni mitetea.

Kijana wa Njiro
Mama naomba uje PM.