Naomba ushauri, kuku wanakufa na sijui kinachowaua

Wakuu habari zenu, naombeni msaada jamani kuku wananiishia. Nilikuwa nao 23 hapa nyuma ya nyumba, ndani ya siku 5 wamekufa 9. Anaanza kwa kusinzia tu kajikunyata pembeni, mbawa zimeshuka, chakula hagusi, anaharisha kijani, kesho yake unamkuta kashakufa, na jana tetea mmoja shingo ilimpinda kabisa akawa anazunguka palepale, niliumia sana. Nahisi kideri ila chanjo niliwapa miezi 4 iliyopita, au ilipata joto njiani ikaharibika? Au ni taifodi ya kuku? Wazima nimewatenga, waliokufa nimewafukia. Hizi antibayotiki niwape au nasumbuka bure? Na waliobaki niwachanje sasa hivi ama nisubiri?